Mashine ya boti kukosa sailensi: toa plagi zote mbili kabla hujanunua kabureta

Mkuu, kwa ulivyoeleza, mashine yako ni Yamaha 15 ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili, na unaitumia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Ukiipa resi inakimbia vizuri, ukiirudisha sailensi, yaani kuunguruma polepole bila resi, inatetemeka, inamisi, halafu inazima. Fundi hapo Moshi kakwambia utafute kabureta nyingine. Subiri kwanza.

Hiyo mashine ina kabureta moja tu, na ndiyo inayolisha silinda zote mbili. Ikiharibika, silinda zote zinaumwa ugonjwa mmoja. Kwa hiyo ukitoa plagi mbili za cheche ukakuta moja nyeusi imelowa na mwenzake ya kahawia safi, kabureta haina kesi. Tatizo liko kwenye silinda moja, na pesa ya kabureta itakuwa imetupwa.

Ila usizisome plagi za mashine iliyotoka kukimbia bwawani kwa resi kubwa, zitakuonyesha hali ya resi kubwa. Iache iungurume sailensi dakika kadhaa, zima papo hapo, ndiyo utoe. Mimi niko Pasua, hapa Moshi, mashine zinazoletwa kwangu nazijaribu kwenye pipa nyuma ya nyumba. Pipa lijae mpaka maji yapite usawa wa pampu, maana impela, ile feni ndogo ndani ya pampu ya maji, ni raba, ikizunguka kavu inaungua haraka. Na pipa liwe mahali pa wazi. Mashine ikivuta moshi wake yenyewe itamisi hata kama ni mpya, utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kabla ya kuzitoa zitie alama, ya juu na ya chini. Watu wengi wanaruka hapa, wanaishia na plagi mbili mkononi wasijue ipi imetoka wapi. Zipeleke juani, angalia ile kaure nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Masizi makavu meusi yanayofutika kwa kidole ni petroli nyingi, au sailensi ya muda mrefu. Nyie mnaotega nyavu mnakwenda polepole asubuhi nzima, na plagi isipofika joto la kama nyuzi 450 haijichomi uchafu wake. Ikiwa nyeusi inang'aa, imelowa na inanuka petroli, silinda hiyo haichomi. Ikiwa nyeupe kama chaki, mchanganyiko ni mkavu, hewa imezidi, na hiyo ndiyo ya kuogopa kwa sababu inaua pistoni. Ukiona matone ya maji, au plagi imesafishika kupita kiasi kuliko mwenzake, shuku gasketi ya silinda hedi.

Zikiwa mbaya zote mbili kwa namna moja, hapo sawa, rudi kwenye petroli. Oili kwanza: kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linachukua mililita 400, na iwe oili ya boti yenye alama TC-W3, siyo ile ya pikipiki. Kisha mashine ikiwa sailensi vuta choki kidogo, ile inayobana hewa ya kabureta. Ikitulia, ilikuwa inakosa petroli, na mara nyingi ni jeti ndogo ya sailensi, kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba. Inasafishwa, hainunuliwi kabureta nzima. Kama mashine ilitokea Tanga au Dar, kumbuka pia Moshi iko karibu mita 900 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, mchanganyiko unaelekea kuwa na petroli nyingi, skrubu ya sailensi inaweza kuhitaji kuguswa.

Ikiwa ni moja tu mbaya, zibadilishane: ya juu iende chini, ya chini iende juu, kisha rudia jaribio la pipa. Ubaya ukihama na plagi, nunua plagi, umemaliza. Ukibaki kwenye silinda ileile, angalia kofia ya plagi na waya wake, halafu pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Cheche kuonekana nje kusikudanganye, kwenye hewa ya kawaida inaruka kirahisi kuliko ndani ya silinda iliyobanwa. Na ukipima, plagi iguse chuma cha injini. Usiuache waya ukining'inia hewani huku unavuta kamba, CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche, inaweza kufa. Kompresheni ikiwa nzuri na plagi ya silinda hiyo inabaki nyeupe, shuku sili ya krenki, ile raba inayoziba kwenye shafti ya injini, kuwa inavuta hewa. Huo ugonjwa unaonekana sailensi na unajificha kwenye resi, kama ulivyoeleza wewe.

Ukienda dukani soma namba, usikubali "hii inaingia". Kwa plagi za kampuni ya NGK, herufi B ni tredi ya milimita 14, na H ni urefu wa milimita 12.7. Plagi nyingi za gari zina B pia lakini zina E, urefu milimita 19. Itaingia bila shida, kisha pistoni inaweza kuigonga. Tarakimu ni ya joto: ikipungua plagi ni ya moto zaidi. Usipande wala kushuka kwa kubahatisha, fuata kitabu cha mashine, pamoja na gepu lake, ile nafasi ya kurukia cheche. Plagi ya zamani ioshe kwa petroli na brashi laini. Msasa hapana, chembe zake zinaingia kwenye silinda.

Ukishazitoa piga picha zote mbili pamoja mchana, uandike ipi ya juu na ipi ya chini, na useme ulivyovuta choki ilifanyaje.