Achana na r.cookies, zima ridairekti kwanza!

Ndugu yangu wa Malindi, simama hapo hapo! Unasema utaingia kwenye tovuti kwa requests.post ya requests, ile maktaba ya Python ya kuomba kurasa za wavuti, uchukue r.cookies, yaani kuki (vitambulisho ambavyo seva hukupa) za jibu r, uzipeleke kwenye requests.get ya ukurasa wa oda, halafu unauliza namna ya kuzihifadhi kwenye faili. Utahifadhi zipi, nawe hutakuwa nazo?

Seva ikishakubali nywila, aghalabu hujibu 302, yaani ridairekti, "nenda anwani nyingine", na Set-Cookie, heda inayokupa kuki, imo kwenye jibu hilo hilo. Requests haikuonyeshi. Inafuata Location, heda yenye anwani hiyo nyingine, kimya kimya, inakuletea ukurasa wa mwisho, na r.cookies ni za huo wa mwisho tu. Kuki ya kuingilia imebaki nyuma, kwenye r.history, orodha ya majibu ya njiani. Ombi lako linalofuata laenda mikono mitupu, seva inalisukuma kwa 302 nyingine hadi /login, maktaba inafuata tena kama kondoo, nawe wapata 200, namba ya "sawa". Ukurasa wa kuingilia, lakini 200!

Mimi hiyo 200 imenila. Programu yangu ilikuwa ikichota bukingi za nyumba ya wageni kule Shela, Lamu. Ilipoletewa ukurasa wa login haikuona jedwali lolote, ikaandika vyumba vyote vi wazi. Desemba! Wageni wakashuka gatini na masanduku yao kutoka uwanja wa ndege wa Manda, chumba kina watu wamelala. Niliwalipia kwa jirani, bei ya Desemba, kutoka mfukoni. Mke wangu hadi leo aniita mfadhili wa utalii.

Na yule mwalimu wa video aliyefundisha "ukiona 200 umefika", sidhani kama aliwahi kuchapisha r.url aone kafikishwa wapi. Chini wamejaa wanaomshukuru, wallahi!

Kwa hiyo: allow_redirects=False, maktaba isifuate ridairekti yenyewe, kwenye kila ombi, tangu mwanzo. Chapisha r.status_code, Location na Set-Cookie, ufuate mwenyewe hatua kwa hatua mpaka uijue njia nzima. Maombi yote yapite kwenye requests.Session() moja, hiyo hubeba hata kuki za njiani. Wengine baadaye huirudisha ile ya kufuata otomatiki. Mimi sijairudisha. Atakayekuambia unajisumbua, mwambie anitafutie chumba Shela Desemba.

Anza na login tu, ubandike hapa heda za jibu la kwanza. Thamani ya kuki ifute kabla hujabandika, maana mtu akiwa nayo huingia bila nywila.