Mjomba si mlango

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani, sasa naandika programu za kompyuta hapa hapa Lamu. Tumemtengenezea mwenye duka la jumla programu ya kuandika mauzo yake ya kila siku katika lahajedwali, lile daftari la hesabu la kompyuta lenye vijumba viitwavyo seli, nami nataka kuwaandikia wenzangu maelezo ya kazi hiyo kwa Kiswahili. Kichwa nimekiandika hivi: "Jinsi ya kuinsati fomula kupitia API." (Fomula ni agizo la kuhesabu linalokaa ndani ya seli, na API ni namna ya programu moja kuiagiza nyingine.) Mmoja asema tuseme kuchomeka, mwengine kupachika, wa tatu kubandika. Lipi sahihi? Na fomula ikitokea kwenye seli kama maandishi matupu, bila ya kuhesabu kitu, tusemeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza neno moja, na swali lako nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu jicho limekwama penginepo, kwenye neno ambalo hukuliuliza. Uliloniuliza nitalijibu. Lakini kwanza nieleze: hiyo "kupitia" imeingiaje hapo?

Kupitia ni kitenzi, tena kitenzi chenye miguu. Ni pita iliyotiwa i ya kutendea, basi. Nipitie baada ya laasiri twende Shela. Nilipitia sokoni nikakuta samaki wamekwisha. Usingizi ulimpitia mlinzi. Mkaguzi amepitia hesabu za duka, ukurasa kwa ukurasa. Kote humo kuna kitu kinachokwenda: mtu, usingizi, au jicho la mkaguzi. Na kuna mahali kinapotoka, na mahali kinapoelekea.

Mtu wa Amu hahitaji kufundishwa haya na mimi. Jahazi liendalo Pate hupitia Mkanda, ule mlango wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Zamani maji yakijaa, tulipita. Maji yakitoka, ndia hapakuwa. Nahodha alingoja, na abiria walingoja naye, na magunia yao, na kuku wao, na lawama zao. Hiyo ndiyo kupitia: chombo kipo, mkanda wa maji upo, upande huu upo na upande ule upo. Sasa muulize nahodha huyo amefikaje Faza, huko kisiwani Pate. Atakwambia amefika kwa tanga, au kwa mashine. Hatakwambia amefika Faza kupitia mashine. Akisema hivyo, abiria wenye akili watashuka.

Lakini fungulia redio usikie. Wasiliana nasi kupitia simu. Serikali imewasaidia wavuvi kupitia mikopo. Mgonjwa amepona kupitia dawa. Na kubwa lao, ambalo nimelisikia kwa watu waliosoma, wamevaa na tai: "Amepata kazi kupitia mjomba wake."

Mjomba huyu namwonea huruma. Mpwa aliingilia upande gani, akatokea upande gani? Alibisha hodi? Alivua viatu? Hapa kwetu kuna vichochoro ambavyo mtu na punda hawapishani, mmoja lazima arudi nyuma, na hata huko sijaona mtu aliyempitia mjomba akatoka na barua ya ajira mkononi. Mjomba si mlango. Mjomba ni mtu, amevaa kanzu, amekwenda ofisini kwa watu, amekaa benchini tangu asubuhi, amebembeleza. Kiswahili kina namna ya kumlipa fadhila zake: mjomba wake amemtafutia kazi. Au, kama barua za wazee zilivyokuwa zikiandikwa, kazi imepatikana kwa mkono wa mjomba wake. Katika "amemtafutia" mjomba anafanya kazi. Katika "kupitia mjomba" amesimama tu, wazi, upepo wampita.

Nilikwenda ofisi moja kulipa ada fulani. Ukutani pana tangazo: "Malipo yote yafanywe kupitia karani." Nikamtazama karani. Kijana mwembamba, maskini ya Mungu, hata sarafu ya shilingi ishirini isingepata pa kupenya. Nikamlipa mkononi, nikaenda zangu.

Chanzo cha maradhi haya kinajulikana. Kiingereza kina kijineno kimoja kifupi kinachobeba ndia, chombo, sababu na mtu wa kati, vyote kwa pamoja, na mfasiri mwenye haraka hukitafutia neno moja la Kiswahili akaligongomea kila mahali. Sisi mzigo huo tumeugawa zamani. Chombo tumekipa "kwa": kwa kisu, kwa simu, kwa dawa. Mtu wa kati tumempa mkono wake. Na ndia, ikiwa ni ndia kweli, ndiyo iliyopewa kupitia.

Tena katika kazi yako neno hili lina hatari ya pekee, kwa sababu kupitia hesabu ni kuzikagua. Ukimwandikia mwenye duka "tumeweka jumla kupitia fomula", atafahamu kwamba mmeweka jumla na mnazikagua fomula, na ataulizia ripoti ya ukaguzi. Kiswahili chake ni kizuri kuliko chenu.

Najua vita hivi nimeshashindwa. Magazeti wanalo, wahubiri wanalo, wajukuu wangu wanalo. Mwezi uliopita nimelikuta katika barua yangu mwenyewe, mstari wa pili, na barua imeshakwenda. Kwa hivyo sitakulaumu sana. Nitakulaumu kidogo.

Haya, maneno yako. Kuinsati nalipita bila ya salamu. Kuchomeka kwataka kitu chenye ncha: kisu huchomekwa alani, mkuki huchomekwa mchangani. Fomula haina ncha. Kupachika ni kazi ya mshale kwenye uzi wa upinde, kitu kukaa katika pengo lake kikashika. Si baya, lakini lina mbwembwe. Kubandika tulikuwa tukibandika chungu jikoni, na sasa simu zetu zimelichukua kwa ile kazi inayofuata kunakili, kwa hivyo limeshapata mume, liache. Kuingiza ni sahihi na kila mtu atakuelewa, ukilitumia sitakuandikia. Mimi ningesema kutia. Twatia chumvi, twatia nanga, twatia sahihi, na katika yote hayo kinachotiwa kinabadilisha kile kinachokipokea: mchuzi unakolea, chombo kinatulia, karatasi inakuwa mkataba. Fomula nayo ni hivyo, seli iliyokuwa tupu inaanza kuhesabu. (Wako watakaocheka. Kiswahili hakina kitenzi cha kuweka kitu ndani ya kitu ambacho hakijachekewa barazani.)

Jedwali lenyewe, lile lililomo ndani ya lahajedwali yako, tumelipokea kwa Waarabu, na kwao neno hilo ni kijito cha maji na pia ni hizo safu za hesabu. Lau ungeandika kwamba maji yapitia jedwali, ningenyamaza.

Ama swali lako la pili, nimelipenda kuliko la kwanza. Mpwa wangu alinionyesha jambo hilo kwenye kompyuta yake. Programu yake ilipeleka =B2+B3, na seli ikaandika =B2+B3, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni asijue kilichoandikwa. Akanieleza kwamba API ya Google Sheets, lahajedwali ya Google ya mtandaoni, ina chaguo mbili. Ukichagua RAW, yaani mbichi, ulichopeleka hukaa kama kilivyo, maandishi hubaki maandishi. Ukichagua USER_ENTERED, husomwa kana kwamba mtu ameketi akakichapa kwa vidole vyake, na hapo alama ya usawa huamka ikawa fomula. Katika Excel, lahajedwali ya Microsoft, kuna jambo lililonifurahisha zaidi: tanguliza ritifaa, hii hii ya ng'ombe na ng'ambo, mbele ya fomula, nayo hunyamaza ikawa maandishi. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba ritifaa ina nguvu, hawakuniamini. Na ile openpyxl, zana ya kuandikia mafaili ya Excel kwa lugha ya programu iitwayo Python, alisema, huandika fomula lakini yenyewe haihesabu. Mpaka faili lifunguliwe katika Excel au mfano wake ndipo jumla ipatikane. Tarishi wa zamani alikuwa hivyo. Barua huibeba, haifungui.

Sasa umeona kwa nini ni lazima uwe na vitenzi viwili mbali mbali. Programu ikipeleka herufi zikabaki herufi, imeandika fomula. Ikipeleka zikahesabu, imetia fomula. Waandikie wenzako hivyo, watajua kosa liko wapi kabla hawajafungua kompyuta. Na ile iliyobaki imelala kwenye seli, sema haikushika. Mama zetu husema hivyo kuhusu hina iliyooshwa mapema: imepakwa, maua yanaonekana, rangi hakuna. Fomula haikushika. Hakuna atakayekuuliza maana yake, si mtaa wa Langoni wala wa Mkomani.

Kichwa chako basi kiwe: "Jinsi ya kutia fomula kwa programu." API ikiwa ni lazima itajwe, iandike "kwa njia ya API", vijana wanaoiita kiolesura cha programu nawaunga mkono, ingawa neno lenyewe limeshonwa kwa haraka na nyuzi zaonekana. Ukimaliza kuyaandika upya maelezo hayo, nipitie Ijumaa baada ya sala, kahawa itakuwapo.