Upinde unakunjika chini zaidi, mshale unatikisa mkia

Mkuu nimekusoma, mkono wa chini wa upinde wako (ile nusu ya mbao iliyo chini ya mshikio) unakunjika kuliko wa juu na mshale ukitoka unatikisa mkia. Hapo chini usikwangue tena kabisa! Kwangua ule wa juu ulio mgumu, tena upande wa tumbo tu, yaani unaokutazama ukivuta, mgongo usiuguse maana ukikata nyuzi za mbao pale utakuja kupasukia usoni. Kidogo kidogo, kisha uvute nusu kama mara 20 hivi mbao izoee ndo upime tena. Nguvu itapungua kiasi, vumilia tu. Mi napenda nafasi kati ya kamba na mbao juu izidi ya chini kwa milimita 3 hadi 6, wengine wanataka sawasawa, sio kesi.

Ila usilaumu upinde kwa kila kitu. Mkia ukipanda na kushuka, mara nyingi shida ni pale unapoupachika kwenye kamba, sogeza juu kidogo. Ukienda kushoto kulia, mshale wenyewe ni mgumu au laini mno kwa upinde huo, jaribu mwingine.

Ukiona ufa acha kuvuta, mpelekee fundi aucheki. Na usiachie kamba bila mshale.