Lima, mali, mila: kwa nini ARE huchukua S na SERA haichukui

SWALI: Mwalimu, hujambo. Sisi huku Muhoroni, kwenye miwa, hucheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni kwa vigae vya herufi, kila Jumamosi jioni. Juzi mpinzani wangu aliweka ARES. Nikapinga, kwa sababu "are" ninayoijua ni ile ya "you are", na hiyo haiongezwi S. Kamusi ikampa haki, nikapoteza zamu. Baadaye akaweka ATES, nikaogopa kupinga. Mimi kuweka SERAS, likatolewa. Haya maneno mafupi ya A, E, R, S na T yana maana gani, na nitajuaje lipi huchukua S na lipi halichukui?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Chukua herufi A, I, L, M. Zinakupa LIMA, MALI, MILA na IMLA. Herufi ni zile zile nne, lakini huwezi kuyatendea maneno hayo sawa. LIMA utalifanya limia, limwa, limisha; jaribu hivyo kwa MALI uone kama kuna atakayekuelewa. Hukufundishwa orodha ya viambishi ili ujue hilo. Unajua lima ni kitendo na mali ni kitu, basi. Kiingereza nacho ni hivyo. Anayekariri tahajia tupu atakwama kwenye S kila siku. Anayejua maana na aina ya neno hujijibu mwenyewe.

Umefanya vyema kuuliza juu ya herufi hizi tano na si nyingine. Katika vigae 100 vya Scrabble ya Kiingereza, E ziko 12, A 9, R 6, T 6 na S 4. Hizo ni 37, zaidi ya theluthi moja ya mfuko mzima. Kila kimoja kina alama 1 tu, lakini hakuna mchezo utakaoupita bila kuvishika.

Sasa ARES. Ile "are" ya "you are" kweli haichukui S, hapo hukukosea. Iko ARE nyingine, ambayo ni nomino: kipimo cha eneo cha mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Kilitungwa Ufaransa mwaka 1795 pamoja na vipimo vingine vya metriki. Hukijui kwa jina lake, lakini mtoto wake unamjua, kwani hekta moja ni ARE 100, na hatimiliki za ardhi hapa Kenya huandika ukubwa kwa hekta. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba 464.5, sawa na hekta 0.0465, au ares 4.6 na kitu. Ekari moja ni ares 40 na nusu hivi. Kipimo huhesabika, kinachohesabika kina wingi, na wingi ndio unaoleta S. Ila usichanganye na Ares, mungu wa vita wa Wayunani wa kale: hilo ni jina la pekee lenye herufi kubwa, na majina ya pekee hayaruhusiwi ubaoni.

Herufi hizo hizo tatu zinatoa ERA, yaani enzi, wingi ERAS. Zinatoa pia EAR, na hapa nataka tukae kidogo, maana chini ya EAR mna maneno matatu yaliyokutana kwenye tahajia moja. La kwanza ni sikio. La pili ni suke la nafaka, au hindi likiwa bado kwenye bua, nalo hutumika pia kama kitenzi: mahindi yakianza kubeba, Mwingereza atasema yana-EAR, na ndiyo sababu EARED na EARING zinakubalika. La tatu limezeeka, maana yake ni kulima. Aliye na Biblia ya Kiingereza ya King James afungue 1 Samweli 8:12 atalikuta pale, mfalme akiwaweka watu "to ear his ground". Kwa hiyo EAR ni nomino na kitenzi. ERA ni nomino peke yake, na ERAED haipo.

Ukiongeza S kwa A, E, R unapata pia SEAR, kuunguza uso wa nyama kwa moto mkali upate rangi kabla ya kuipika. Na RASE, kubomoa hadi chini, ambalo wengi huliandika RAZE. Vyote ni vitenzi, kwa hiyo SEARED na RASED ni halali. Halafu ndiyo hiyo SERA iliyokuponza. Mswahili akiiona hufikiria sera za chama, na kwa kuwa ni kitu, anaipachikia S. Katika Kiingereza SERA tayari ni wingi. Umoja wake ni SERUM, majimaji yanayobaki damu ikishaganda na donge likaondolewa. Neno limetoka Kilatini na wingi wake wa Kilatini, UM ikawa A. Kuongeza S juu yake ni kama kusema "mamiti". Ukitaka S, irudishe kwenye umoja: SERUMS inakubalika.

Mtego wa aina hiyo hiyo uko kwenye SETA, ingawa umegeuzwa. SETA ni umoja: unywele mgumu mfupi, kama ule ambao mnyoo wa ardhini huushikizia udongo anapojivuta. Wingi ni SETAE. SETAS haipo.

A, E, T: EAT na TEA unazijua. TEA pia ni kitenzi, kunywa au kuandaa chai, hivyo TEAED na TEAING, ajabu zilivyo kwa macho, ni sahihi katika orodha ya Collins, mojawapo ya orodha za maneno yanayokubalika kwenye Scrabble. ETA ni herufi ya Kigiriki, wingi ETAS. TAE ni Kiskoti, kidole cha mguu, na Collins huipa TAES. ATE iliyokutisha ina sura mbili kama ARE. Moja ni wakati uliopita wa EAT, na hiyo haisogei. Ya pili hutamkwa kwa silabi mbili, nayo imetokana na mungu wa kike wa Kigiriki aliyewapofusha watu akili hadi wakajiangamiza. Siku hizi ni nomino ya kawaida, ule upumbavu wa kiburi unaomtumbukiza mtu shimoni. Wingi ni ATES, na mpinzani wako alikuwa sahihi. Kunyamaza kwako kulikuokolea zamu. Ukiwa na A, E, S, T kumbuka pia SATE, kushibisha mtu hadi kinaa. TASE, kumpiga mtu kwa kifaa cha umeme. Na EAST, ambayo huwa kitenzi cha kuelekea mashariki, hivyo EASTED ni halali.

Zikija zote tano, utajiri ni mkubwa, nami nitataja machache yanayokugusa huko. TARES nadhani umeiishi bila kuijua. Pale mizani ya miwa, trekta na trela hupimwa zikiwa zimejaa, kisha hupimwa tupu. Uzito ule wa tupu ndio TARE. Zikiingia na kilo 21,300 na kutoka na 8,100, miwa ni kilo 13,200, na hiyo 8,100 ndiyo tare. Ni kitenzi pia: kubonyeza mizani ya dijitali isome sufuri chombo kikiwa juu yake, kwa hiyo TARED na TARING. TARE nyingine ni gugu la shambani. Yale magugu ya Mathayo 13:25 King James huyaita "tares". RESAT ni wakati uliopita wa RESIT, kurudia mtihani, na kwa kuwa ni wakati uliopita, haipokei S. ASTER ni ua lenye petali kama miale, kutoka neno la Kigiriki la nyota.

TEARS iangalie kwa makini. TEAR ya machozi na TEAR ya kurarua hutamkwa tofauti, na vitenzi vyake huenda njia tofauti. Kurarua kunatoa TORE na TORN. Macho yakilengwalenga na machozi, Kiingereza husema yame-TEARED. Mtu akiweka TEARED ukapinga kwa kuwa unajua TORE tu, utapoteza.

Kujifunza, kata kadi. Mbele andika herufi kwa mpangilio wa alfabeti: AER, AET, AERS, AEST, AERST. Mpangilio huo huzuia jicho kung'ang'ania neno moja. Nyuma andika kila neno, maana kwa maneno mawili matatu ya Kiswahili, kisha N kwa nomino, K kwa kitenzi, na alama ya X kwa lisilopokea S. Maliza zote za herufi tatu kabla ya kugusa za nne. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Kadi uliyokosa irudie kesho yake, uliyopata iache siku nne. Usisome kadi ukiwa umeona upande wa nyuma. Andika majibu kwanza kwenye karatasi, ndipo ugeuze.

Na kabla ya kigae cha kwanza Jumamosi, kubalianeni mambo mawili. Mtatumia orodha gani, maana ya Collins ina maneno mengi ambayo ile ya Marekani na Kanada haina, STRAE likiwa mojawapo. Pili, anayepinga akikosea atalipa nini. Kwenu naona anapoteza zamu. Kwingine hukatwa au humpa mwenzake alama 5, na kwa wanaoanza ningechagua hiyo, kwa sababu mtu akiogopa kupoteza zamu nzima hanyanyui mkono, na neno asilolijua linampita bila kuulizwa.