OPT inakaribia kuisha? Anza na bosi, fomu baadaye

Tarehe ya kuisha kadi yangu ya OPT, ile ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake Marekani akishamaliza chuo, niliibandika kwenye friji kabisa, kila asubuhi naiona, na bado nilituma maombi zikiwa zimebaki siku 6. Presha niliyoipata sitaki uipate wewe.

Nilisoma kompyuta huku Marekani, nikamaliza, nikapata OPT ya miezi 12 kama wenzangu, nikaajiriwa kakampuni ka watu wanane. Sisi wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu tunaweza kuongezewa miezi 24, na kuomba unaruhusiwa kuanzia siku 90 kabla kadi haijaisha. Nikaona siku 90 mbona nyingi, I-765, fomu ya kuomba hiyo kadi, nilishawahi kuijaza jioni moja tu, haraka ya nini.

Kumbe shughuli iko kwa bosi. Lazima mwajiri awe kwenye E-Verify, ule mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi, na wangu hajawahi hata kuusikia. Swali la kwanza, "tunalipia?" Nikamwambia ni bure, akasema atamuuliza mwanasheria, na "nitamuuliza" ya bosi unaijua, wiki mbili zikakatika. Alipojiandikisha ikaja I-983, mpango wa mafunzo: utajifunza nini, nani anakusimamia, utapimwaje, mshahara kiasi gani. Akanirudishia kaandika mstari mmoja, "ataandika programu." Jamani! Ikabidi wikiendi nzima niandike rasimu mwenyewe, Jumatatu nikamfuata nayo mezani tukapitia kipengele kwa kipengele, akarekebisha, akasaini. Fanya hivyo toka mwanzo, usimpe mtu mwenye kazi zake karatasi tupu.

Na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni nao wana foleni yao. Wao ndio wanakupa I-20 mpya, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, na tangu siku wanayoweka pendekezo lao la kukuongezea muda kwenye mfumo wa wanafunzi wa kigeni una siku 60 za kutuma maombi, ila yawe yamefika kabla kadi ya zamani haijaisha.

Halafu angalia namba ya kozi kwenye hiyo I-20. Nina marafiki wawili wa uchumi, mmoja kozi yake ni 45.0603 akaongezewa, mwenzake 45.0601, uchumi wa kawaida, akafungasha mabegi. Madaftari yao ukiyafungua ni yale yale! Hii ni ya kuuliza kabla hujachagua chuo, baadaye ni majuto.

Ukituma kwa wakati unaendelea kufanya kazi mpaka siku 180 huku unasubiri kadi mpya. Kazini kwangu hapakuwa na neno, ila leseni ya udereva iliisha siku moja na kadi, nikaenda kuomba nyingine na risiti ya maombi tu mfukoni, dada wa dirishani akaangalia kadi, akaangalia kalenda ukutani, akanisukumia kila kitu kwenye kitundu cha kioo. Nikapanda basi mpaka kadi ilipokuja. Wewe beba na I-20 mpya.

Ukishapata kadi mpya, kila miezi 6 thibitisha taarifa zako chuoni, ukihama nyumba una siku 10 za kuwaambia, na mwaka ukifika kuna tathmini ya kusainiwa na bosi. Mimi nimeweka alamu kwenye simu, friji siiamini tena.

Juzi bosi kaajiri kijana mwingine wa OPT. Kaja mezani kwangu na I-983 tupu, ananiuliza, "ile yako bado unayo?"