Inchi 6.7 mkono huu, ndoo ya dagaa mkono ule

Mwaka jana nilinunua simu ya inchi 6.7 pale Mwanga, hapa Kigoma, na kwa wiki mbili nzima nilijiona nami nimo. Nilikuwa natoka kwenye simu ya inchi 5 yenye ufa pembeni, ambayo mwanangu aliipa jina la kiberiti. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii ukiangalia tamthilia ni kama uko sinema." Nikalipa 380,000 bila hata kuikamata vizuri nione vidole vyangu vinaishia wapi.

Kazi yangu ni dagaa na mawese. Asubuhi niko Kibirizi nasubiri boti za kutoka Mwamgongo na vijiji vya huko juu, mchana niko sokoni, jioni narudi Ujiji. Simu ndiyo daftari langu na ndiyo pochi. Mteja wa Dar anataka kuona picha ya mzigo kabla hajatuma hela, mwenye boti anapiga, mpagazi anataka chake sasa hivi. Yote hayo nayafanya nimesimama, mkono mmoja una simu, wa pili una ndoo au umelowa mawese. Hapo ndipo simu mpya ilipoanza kunichosha.

Dole gumba halifiki juu. Mshale wa kurudi nyuma kwenye WhatsApp uko kona ya juu kushoto. Kuwasha data mpaka ushushe pazia la juu. Sasa unafanyaje? Unaitembeza simu kiganjani, unaishusha kidogokidogo huku kidole cha mwisho kimeikingia kwa chini, na katika kutembezwa huko ndimo inamoponyoka. Yangu iliponyoka nikishuka kwenye boti, ikagonga ubao kabla ya kufika mchangani. Majini haikuingia, nashukuru Mungu, lakini kioo kilichanika kona hadi kona. Fundi akanitajia 95,000, maana kioo na tachi ya simu ile vimegandishwa pamoja, ukiharibu kimoja umenunua vyote.

Nikiwa nasubiri amalize, nikaazima futikamba kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, nikapima kioo cha kiberiti na cha simu kubwa. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya nikae kuandika haya. Inchi za simu hupimwa mshazari, kona hadi kona. Kioo cha inchi 5 kilikuwa na upana wa sentimita 6.2 na urefu wa 11 hivi. Kile cha inchi 6.7 upana wake ni sentimita 7, yaani nyongeza haijafika hata sentimita moja, ila urefu umefika 15 na nusu. Karibu nyongeza yote imepanda juu, kulekule ambako dole gumba langu halifiki! Sababu ni umbo. Simu za miaka ile zilikuwa na kioo cha 16 kwa 9, yaani urefu 16 kwa upana 9, nyingi za leo ni 20 kwa 9. Hazikunenepa, zimerefuka kama mpapai.

Na ile sinema niliyoahidiwa? Mpira na tamthilia nyingi hutengenezwa kwa 16 kwa 9, kwa hiyo ukiilaza simu ndefu, picha inakaa katikati na kuacha weusi pande mbili. Nikapima tena. Kwenye kiberiti picha ilikuwa na upana wa sentimita 11, kwenye hii ni 12 na kitu. (Mume wangu anashikilia kwamba hiyo sentimita moja ndiyo inayomwonyesha namba za jezi. Haya.)

Halafu kuna suala la nukta, vile vidoa vidogo vinavyounda picha kwenye kioo. Simu nyingi za bei yetu zina nukta 720 kwa 1600. Ukizitandaza kwenye inchi 6.7 unapata kama 262 kwa kila inchi, wakati kiberiti chenye 720 kwa 1280 kilikuwa na kama 294. Kwa hiyo ukubwa haukuniletea maandishi makali zaidi. Na kwenye jua la saa sita pale Kibirizi, dagaa wakiwa wameanikwa, inchi hazina msaada wowote. Pale unahitaji kioo chenye mwanga mkali, na kama huna, unajifunika kanga kichwani kama mpiga picha wa zamani.

Lakini nisiionee. Mwili mkubwa unabeba betri kubwa, na ile ya mAh 5000 (ndicho kipimo cha chaji inayobeba) ilinifikisha usiku hata siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi. Kuandika nako, nilikosea herufi kidogo kuliko zamani. Ila aliyeifaidi hasa ni mama yangu. Macho yake yanahitaji maandishi yaliyokuzwa, na kwenye kiberiti ukikuza maandishi ujumbe mmoja unajaza kioo chote, anausogeza mpaka anasahau ulianzaje. Kwenye kioo kirefu anausoma wote mara moja. Tena yeye simu anaitumia ameketi mkekani, mikono miwili, hana haraka na mtu. Basi nimemwachia.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize inchi peke yake. Iombe simu ikiwa na kava lake, maana kava huongeza unene na upana, kisha ishike kwa mkono unaofanyia kazi, umesimama, mkoba begani. Peleka dole gumba kwenye kona ya juu ya upande wa pili bila kuhamisha kiganja. Muuzaji akikukazia macho, mwache akukazie. Mimi siku hizi naenda na futikamba na kupima upana wa mwili wa simu: sentimita 7 naimudu, 7 na nusu naanza kuibembeleza.

Kama umeshanunua kubwa, usiitupe. Simu nyingi za Android zina hali ya mkono mmoja kwenye mipangilio. Ukiiwasha, unavuta kidole kushuka, pale ukingoni chini kabisa ya kioo, na vitu vyote vya juu vinakushukia. Kibodi ya Gboard nayo unaweza kuisogeza upande mmoja. Na kamba ya mkononi ni pesa ndogo sana mbele ya ile 95,000.

Simu ndogo mpya, nikuambie ukweli, zimeadimika. Hata Apple walitoa iPhone mini za inchi 5.4 mwaka 2020 na 2021, kisha wakaacha. Yangu ya sasa nimeipata ya mtumba, inchi 5.8, upana wa mwili sentimita 7 kamili, inaingia kibindoni na dole gumba linafika kila mahali. Mwanangu ameshaipa jina: kiberiti cha pili.