Vidonge vya kunenepa: usivimwage leo usiku, nisikilize kwanza

Wewe uliyeandika hapa jukwaani kwamba umekuwa ukimeza vidonge vya deksa vya kunenepa tangu kabla ya harusi ya dadako, uso umevimba, na leo usiku unavimwaga vyote chooni ili uingie Ramadhani na mwili safi: usivimwage. Salamu nitakupa baadaye. Na nyie mliomjibu "hongera dada, acha leo leo, kunywa maji mengi", Mungu awasamehe. Mie niliambiwa hayohayo, nikazinduka nina dripu mkononi.

Ujue kwanza ulichokuwa ukimeza. Si vitamini. Yule wa kemisti aliyeniuzia mie kwenye kifuko cha plastiki kisicho na jina wala tarehe alisema ni "vitamini za hamu ya chakula". Ni deksamethasoni, na mara nyingi huuzwa pamoja na siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Hiyo ya pili tuiache. Deksamethasoni ni steroidi, inaiga kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi adrenali, zile mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila moja gramu chache tu. Kotisoli ndiyo inayoshikilia presha isianguke na sukari isipotee ukiwa na njaa, na ndiyo inayopanda ukipata homa, ajali au upasuaji ili mwili uhimili. Kwa mtu mzima wa afya huwa juu asubuhi anapoamka, na chini kabisa usiku wa manane.

Sasa tezi hizi hazijiamulii. Ubongoni kuna sehemu iitwayo hipothalamasi, inaiamrisha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Pituitari inatia kwenye damu homoni iitwayo ACTH. Ikifika kwenye adrenali, kotisoli inatoka. Kotisoli ikitosha, inarudi kuwanyamazisha wale wawili wa juu. Ni kama tangi la maji juu ya nyumba: maji yakijaa boya linapanda, bomba linajifunga. Wewe umekuwa ukijaza tangi kwa maji ya mkokoteni kila siku, boya liko juu, bomba halijafunguka kwa miezi. Unadhani siku ukimfukuza mwenye mkokoteni bomba litafunguka siku hiyohiyo? Adrenali isiyoamrishwa kazi husinyaa. Kuamka kwake ni wiki, ni miezi, na kuna watu wamepitisha mwaka.

Na usikidharau kile kidonge kwa udogo wake. Miligramu 0.75 ya deksa inafanya kazi ya miligramu 20 za haidrokotisoni, ambayo ni kotisoli yenyewe kwa jina lake la dawa. Tena nguvu yake inapita siku moja, kwa hivyo hata usiku, wakati kotisoli inatakiwa iwe chini, ubongo unaona tele.

Haya, yangu. Mie nilianza kwa harusi yangu mwenyewe. Somo wangu, yule mwanamke wa kunifunda, alinitazama siku ya kupimwa nguo akauliza mbele ya watu kama mume atalalia mifupa. Watu wakacheka, na mie nikacheka, kesho yake niko kemisti. Nikanenepa kweli. Ila nyama nilizolipia zilishukia anwani nyingine: mashavu, tumbo, na kinundu nyuma ya shingo. Miguu ilibaki ileile. Nilinunua makalio nikaletewa shingo. (Chekeni, nishazoea.) Fungate ikapita nikaendelea, kwa sababu kila nikiruka siku mbili naishiwa nguvu, na yule wa kemisti akasema hiyo ni dalili kwamba mwili unazitaka. Hapo hakukosea sana, kwa bahati mbaya yangu.

Kisha nikampata "mtaalamu wa homoni" kwenye WhatsApp. Chupa ya maji ya kijani, shilingi 3,500, ya kusafisha homoni. Nikamwambia ukweli wote kuhusu vidonge. Akaniandikia: "Sumu haipunguzwi, sumu inatupwa." Maneno matamu, yakaniingia. Nikavimwaga chooni, nikavuta maji, nikajiona shujaa.

Ushujaa ulikwisha wiki hiyohiyo. Viungo vikaniuma kama nimebeba magunia soko la Kongowea. Kichefuchefu, chakula kinanuka, nikiinuka kitandani macho yanaingia giza. Nikamwandikia mtaalamu, akajibu ni sumu inatoka, niongeze kijiko. Nikaongeza! Mtu mzima mimi, na cheti cha chuo ukutani.

Mama mkwe akanipeleka kliniki ya mtaani. Malaria hamna, taifodi "kidogo", maana ukipimwa taifodi huku kwetu hukosi kidogo. Mhudumu akauliza, unatumia dawa yoyote? Mama mkwe amekaa pale, mkoba mapajani, ananitazama. Nikasema hapana. Dada, pesa zote nilizopoteza kwa vidonge na chupa ya kijani hazifiki gharama ya hiyo hapana moja. Nikarudishwa nyumbani na antibiotiki.

Juu ya hayo nikashikwa na kifua, homa juu. Kwa mwenye tezi zinazofanya kazi, homa ingepandisha kotisoli mara kadhaa na angepona na uji wake. Zangu zililala. Nikaanguka kwenye foleni ya feri Likoni, asubuhi, watu wanakimbilia kazini, dera limepanda magotini. Hospitali presha 70 kwa 40, sukari 2.6, vyote chini mno. Madaktari wakahangaika na damu, na moyo, na mimba. Aliyeniokoa ni daktari mmoja msichana, sidhani alikuwa amemaliza hata mafunzo. Alifunua tumbo asikilize, akaona michirizi, si ile myeupe ya kunenepa, ni mipana ya rangi ya zambarau. Akavuta pazia. Akamwambia mama mkwe akanunue maji ya chupa. Halafu akainama sikioni: "Ulikuwa unakunywa zile za kunenepa?" Nikatikisa kichwa kwa ndiyo.

Haidrokotisoni miligramu 100 ya sindano, na dripu ya maji ya chumvi na sukari. Jioni nilikuwa naulizia mahamri.

Bili ile ingeninunulia tuktuk. Ya mtumba, lakini tuktuk. Mtaalamu wa homoni alinizuia kwenye simu, na bado anauza. Jina lake limebadilika, chupa ni ileile. Yule wa kemisti nilimwendea, nikamwonyesha karatasi za hospitali. Akasema, "Sikukulazimisha, dada." Kweli hakunilazimisha. Aliniuzia tu dawa ya cheti cha daktari bila cheti, bila jina, bila kuniambia kuwa ina mlango wa kuingilia na wa kutokea ni mwingine. Nikipita pale mpaka leo napandisha kioo cha matatu, na matatu zenyewe vioo vyake havipandi.

Kwa hivyo nishike hapa, mengine yote usahau: steroidi uliyomeza zaidi ya wiki tatu au nne HAIACHWI GHAFLA. Inapunguzwa, na anayepunguza ni daktari, si mie, si jukwaa, si shangazi. Kesho asubuhi nenda na kifuko chenyewe na vidonge vilivyobaki, mwekee mezani, mwambie umeanza lini na unameza vingapi. Ukienda na mtu usiyetaka asikie, mtume maji. Daktari anaweza kukubadilishia dawa nyepesi zaidi kisha akushushe kidogo kidogo, na kukupima kotisoli mapema asubuhi, kama saa mbili, aone tezi zimeamka kiasi gani. Mie nilishushwa kwa miezi, na katika miezi hiyo nilikuwa na kadi kwenye pochi inayosema natumia steroidi, ili nikianguka tena wasianze na taifodi. Ukiwa katika kushushwa ukapata homa, au ukatapika ukashindwa kushikilia dozi tumboni, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Unakimbia hospitali ukachomwe sindano.

Sisemi uendelee kununua. Msinisome vibaya. Nasema usiruke kutoka ghorofani kwa sababu umeichoka nyumba.

Na Ramadhani. Hapo ndipo uliponikosesha usingizi, maana unataka kuacha deksa na kukaa na njaa mchana kutwa kwa wakati mmoja, na kotisoli ndiyo inayolinda sukari na presha tumboni pakiwa patupu. Mgonjwa ana ruhusa, hata watoto wa madrasa wanajua. Muulize daktari kabla ya kunuia, siku nyingine utalipa.

Hedhi uliyouliza: ndiyo, steroidi nyingi zinaweza kuivuruga, lakini pima mimba kwanza usije ukalaumu deksa kwa kosa lisilo lake. Chai ya uwatu haiamshi tezi hata ukinywa sufuria, tena uwatu hushusha sukari, na sukari ndiyo usiyotaka ishuke sasa. Uliuliza na kitu kuhusu mafuta ya michirizi na jinsi ya kupunguza uso, nitarudi nikisoma tena, sina moyo wa mafuta leo.

Sasa nijibu hapa au inbox, mapema kabla hujalala: bado unavyo vidonge vya kukufikisha kesho mpaka umwone daktari, au ushavimwaga? Kama ushavimwaga na unajisikia kizunguzungu au unatapika, usinijibu, panda boda uende.